Ameachiwa huru katika jinai. Je, anaweza kudaiwa fidia?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Kaka yangu alishtakiwa kwa kumjeruhi mtu usiku, na mahakama ikamwachia huru. Miezi michache baadaye amepokea samansi: mtu yule yule anamdai fidia kwa jeraha lile lile. Je, si kweli kwamba mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja? Na ile hukumu ya kwanza haimlindi?

JIBU: Nawapa pole, kwa maana najua familia ilidhani jambo hili limekwisha. Kanuni unayoitaja ipo, na ni nzito. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza mtu kushtakiwa au kuadhibiwa tena kwa kosa ambalo alikwisha kutiwa hatiani au kuachiwa huru kwa hukumu ya mwisho. Hata hivyo, kanuni hiyo inahusu mashtaka na adhabu. Kesi ya sasa ni ya madai: mdai haombi kaka yako afungwe, anaomba alipwe. Wadaawa, yaani pande zinazoshindana mahakamani, nao si wale wale, kwa sababu katika jinai aliyeshtaki ni dola, na aliyejeruhiwa aliitwa kama shahidi tu.

Tofauti kubwa zaidi iko katika kipimo cha ushahidi. Katika jinai, upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha kosa, tena pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ililisema hilo kwa uwazi mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, na nchi nyingi zilizorithi mfumo huo hulifuata hadi leo. Katika madai, mdai anatakiwa kuonyesha tu kwamba maelezo yake yanaelekea kuwa kweli zaidi kuliko kutokuwa kweli.

Chukua shahidi mmoja anayesema alimtambua mshambuliaji gizani. Wakili wa utetezi atamuuliza: mlikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi? Ulimtazama kwa muda gani? Ulimfahamu kabla ya siku hiyo, na je, ulimtaja kwa mtu wa kwanza uliyekutana naye? Shahidi akikiri kwamba taa pekee ilikuwa nyuma ya mshambuliaji, uso ukiwa kivulini, hakimu wa jinai atalazimika kusita, na kusita kwake, kama kuna sababu ya haki, humnufaisha mshtakiwa. Jaji wa madai akisikia jibu hilo hilo, pamoja na ushahidi kwamba watu hao wawili waligombana mchana wa siku ile, anaweza kuridhika kwamba huenda ni yeye kuliko kuwa si yeye, na hapo mdai ameshinda. Majaji hao wawili hawapingani. Kila mmoja amejibu swali aliloulizwa.

Mfano unaofahamika ni wa O.J. Simpson nchini Marekani. Mwaka 1995 aliachiwa huru katika kesi ya mauaji ya watu wawili, lakini mwaka 1997 juri katika kesi ya madai ilimwona anawajibika kwa vifo hivyo, na akatakiwa kulipa jumla ya dola milioni 33.5.

Kwa hiyo kuachiwa huru si tamko la mahakama kwamba tukio halikutokea, wala kwamba aliyelalamika alisema uongo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona uhasama mkubwa ukizuka baina ya jamaa na majirani kwa kuisoma hukumu ya jinai kama cheti cha ukweli wote.

Utaratibu haufanani kila mahali. Nchini Ufaransa, kwa mfano, aliyedhurika huweza kujiunga na kesi ya jinai na kudai fidia humo humo, jambo linalopunguza safari za mahakamani.

Sasa, kwa kaka yako, hatari iliyo karibu ni kunyamaza. Katika jinai alikuwa na haki ya kukaa kimya na kuuacha upande wa mashtaka ujitahidi wenyewe. Katika madai, mdaiwa asiyewasilisha majibu yake kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa anaweza kutolewa hukumu bila kusikilizwa. Aisome samansi leo, aangalie siku alizopewa na aanze kuhesabu tangu siku aliyoipokea. Aombe nakala ya hukumu ya jinai na mwenendo mzima wa kesi ile, kwa kuwa maneno ambayo mashahidi walisema chini ya kiapo yamo humo, na wakija kusema tofauti safari hii, wakili wake atakuwa na msingi wa kuwahoji. Amwulize pia wakili huyo iwapo madai yamefunguliwa kabla ya ukomo wa muda wa kisheria, kwa sababu madai yaliyochelewa huweza kutupwa kabla hata ya shahidi wa kwanza kuitwa.