Jipu kutoka San Pedro hadi Uyuni: tuanzie upande upi?

SWALI: Mimi na mke wangu tutakuwa San Pedro de Atacama, Chile, mwezi wa Julai. Tumepata safari ya jipu ya siku 3 hadi Uyuni, Bolivia. Mwaka juzi tulilala Horombo, Kilimanjaro, bila hata kuumwa kichwa. Je, twende tu? Na gari tulikague vipi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Kama tiketi zenu bado zinabadilika, igeuzeni safari: anzieni Uyuni, mmalizie San Pedro. Njia ni ileile na mandhari ni yaleyale. Tofauti ni mahali mtakapolala usiku wa kwanza, na hapo ndipo watu wanapopatwa na ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kushindwa kuzoea hewa nyepesi ya juu.

San Pedro iko kwenye mita 2,400 hivi. Jipu likitoka hapo asubuhi linavuka mpaka wa Hito Cajón, karibu mita 4,500, linapita ziwa la Laguna Verde chini ya mlima Licancabur, linapanda hadi kwenye matundu ya mvuke ya Sol de Mañana yanayokaribia 4,900, na jioni mnalala jirani na ziwa la Laguna Colorada, kwenye 4,300 hivi. Mmepanda mita 1,900 kati ya kitanda na kitanda. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukishapita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja.

Horombo ni mita 3,720, na mlifika kwa miguu baada ya kulala Mandara kwenye 2,720. Mwili ulipewa muda, kwa hiyo usiitumie kama kipimo. Uyuni yenyewe, mita 3,670, ni kama Horombo. Mkilala huko siku mbili, kisha usiku mmoja ukingoni mwa jangwa la chumvi la Uyuni, Laguna Colorada inakuja mwili ukiwa umeshazoea, na kesho yake mnateremka Chile.

Ikishindikana kugeuza, kaeni San Pedro angalau siku 3, na moja wapo mwende kwenye chemchemi za El Tatio, mita 4,300, mrudi kulala chini. Muulizeni daktari kuhusu acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko: kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwambieni kama mna mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo. Dawa hii inaongeza mkojo na kuchomachoma vidole, hilo lisiwatishe.

Sasa swali ambalo wateja wengi hawamuulizi mwenye kampuni: mgonjwa mtamshushia wapi? Ukiwa Laguna Colorada, njia ya kushuka San Pedro inapanda kwanza hadi Sol de Mañana, na kurudi Uyuni ni saa kadhaa za barabara ya vumbi ambazo hazikushushi sana. Kwa hiyo mtungi wa oksijeni ni lazima. Fungueni buti muuone, na msome geji. Mtungi wenye lita 400 ukitoa lita 2 kwa dakika unadumu saa 3 na dakika 20. Vikopo vya oksijeni ya kupuliza vinavyouzwa madukani vinaisha kwa dakika chache, si tiba. Mtu akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa, msisubiri kukuche. Oksijeni, na gari liondoke.

Kuhusu gari: kwa kawaida ni Land Cruiser yenye abiria 6 na dereva, mizigo juu. Angalieni spea tairi mbili zenye kashata nzima, jeki, madumu ya mafuta, na mkanda wa usalama kwa kila kiti, hata vile vya nyuma kabisa. Ingizeni mkono chini ya bodi, mguse chasisi. Chumvi nyeupe iliyoganda humo maana yake gari halioshwi kwa maji yasiyo na chumvi likitoka jangwani, na chumvi hiyo ndiyo inayokula nyaya, breki na alteneta. Julai jangwa la chumvi huwa kavu. Mafuriko ni ya Januari hadi Machi.

Tatizo la Julai ni baridi: usiku huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na dizeli ya kawaida huganda nta ikaziba filta. Muulizeni dereva anatumia dizeli gani na anaegesha wapi usiku. Nyie bebeni mifuko ya kulalia ya nyuzi 15 chini ya sifuri, miwani myeusi ya kuziba pembeni, na mafuta ya jua ya kupaka hadi chini ya pua na kidevu, kwa kuwa chumvi inarudisha jua kutoka chini. Kadi za homa ya manjano zisisahaulike. Na mkigeuza safari, majani ya koka mliyopewa Bolivia, pamoja na matunda yote, yaacheni kabla ya forodha ya Chile, maana mizigo hufunguliwa na kukaguliwa.