Fidla kando ya zumari: namna nilivyolipata gwaride la Atholl

Msomaji mmoja, mpiga fidla wa taarab kama mimi, ameniandikia akitaka kujua nilivyoweza kusimama kando ya wapiga zumari za mfuko hapa Glasgow, Uskoti, na kupiga nao wimbo wa gwaride uitwao "The Atholl Highlanders" bila kuachwa nyuma. Nitamjibu kwa kirefu, maana jambo hili nililipigania, na Jumamosi iliyopita wachezaji walipotuomba tulirudie, sikuona haya kujisifu.

Gwaride hilo la mapigo ya sita kwa nane, yaani mapigo sita katika kila kipimo, lina sehemu nne, kila moja ikirudiwa, na limebeba jina la jeshi binafsi la Duke wa Atholl, lenye makao katika kasri la Blair, jimbo la Perthshire, jeshi ambalo Malkia Victoria alilikabidhi bendera mwaka 1845. Jimbo hilohilo ndilo lililomzaa Niel Gow, mpiga fidla mashuhuri aliyefariki mwaka 1807 na ambaye ukoo wa Atholl ulimfadhili. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba fidla ni mgeni mwaliko katika muziki huo.

Mimi nilidanganywa hivyo. Mwalimu mmoja alitamka mbele ya watu kwamba fidla yangu inaomboleza badala ya kutembea, na neno lile linaniuma hadi leo. Niliiweka fidla chini, nikaanza kusikiliza zumari peke yake. Zumari ya Kiskoti ina noti tisa tu, haipazi wala haishushi sauti, na pumzi yake haikatiki. Hivyo noti mbili zinazofanana hutenganishwa kwa kidole kinachogusa na kuondoka upesi mno. Sisi wa taarab tumezoea kuteleza juu ya uzi na kuiacha noti ijae taratibu. Hapa uache mtelezo huo, uikate noti kwa kidole cha mkono wa kushoto huku upinde ungali unakwenda, na noti ya G uiache ilivyo, hata sikio likikushawishi uipandishe nusu toni. Uzi wa A uvume wazi chini ya wimbo, kama zumari zinavyovuma.

Usimwendee mpiga zumari kubwa, ile inayopulizwa kwa mdomo, ukiwa na fidla iliyotiwa sauti kwa A ya kawaida ya hezi 440, kwa sababu A yake imepanda kwa zaidi ya nusu toni. Tafuta mwenye zumari ndogo za A, zinazojazwa upepo kwa mvukuto wa kwapani. Hizo hupatana na fidla.

Tena, ndugu yangu, punguza papara. Waayalandi hulipiga gwaride hili kwa kasi ya dansi, na vijana huanzia huko kwa kutaka kushangiliwa. Liimbe kwanza ukitembea, mguu mmoja kwenye pigo la kwanza na wa pili kwenye la nne, na kama sehemu ya nne inakukwaza miguu, upinde usiuguse bado.