Usimrundikie mtu zilipendwa zako

Mpwa wangu aliniuliza soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ni muziki gani. Kwa furaha nikamtumia vibao 40 kwa mpigo, kila kimoja na historia yake. Wiki mbili baadaye nikamuuliza kaonaje. "Vizuri, mjomba." Nilipombana zaidi, kumbe alikuwa amesikiliza viwili tu, na kimoja hakukimaliza.

Siku hizi natoa wimbo mmoja, na kitu kimoja cha kuwinda ndani yake. Ain't No Sunshine ya Bill Withers, ya mwaka 1971, kuna mahali anashikilia maneno mawili yale yale, "I know", bila kuyaachia. Mwambie mtu ahesabu ni mara ngapi. (Ni 26. Withers alikusudia kupaandikia mashairi, wanamuziki wenzake studio wakamwambia apaache hivyo hivyo.) Huwezi kuhesabu bila kutega sikio, na huo ndio mtego wenyewe.

Hadithi ya msanii ije baada ya wimbo. Hili nimejifunza kwa The Dock of the Bay ya Otis Redding. Zamani nilianza na msiba, na msikilizaji akawa anasikiliza kwa huruma badala ya raha. Sasa naucheza kwanza hadi ule mluzi wa mwisho, ambao karibu kila mtu huufuatisha. Hapo ndipo nasema kwamba Otis alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, siku chache baada ya kuurekodi, na wimbo ukatoka Januari iliyofuata. Watu wengi huomba kuurudia.

Ukiwa na muda, cheza Respect mara mbili: kwanza ya Otis mwenyewe, 1965, kisha ya Aretha Franklin, 1967. Kwa Otis, mwanamume anarudi nyumbani anaomba aheshimiwe. Aretha haombi. Ile sehemu ya kutaja herufi moja moja, R-E-S-P-E-C-T, ni nyongeza yake, kwa Otis haimo.

Kwa waliochelewa kuzaliwa, kuna albamu za jukwaani. Ya James Brown, iliyorekodiwa ukumbi wa Apollo, New York, Oktoba 1962, aliigharamia mwenyewe kwa sababu bosi wa lebo yake hakuamini itauzika. Mimi lakini naanza na Live ya Donny Hathaway, 1972: You've Got a Friend ikifika kwenye kiitikio, ukumbi mzima unaimba, yeye anabaki kuwasindikiza tu.

Na kama ulienda shoo mwenyewe, usimsomee mtu orodha ya nyimbo zilizopigwa. Mimi nakumbuka shoo moja kwa sababu kipaza sauti kilizima katikati ya ubeti. Mwimbaji akakiweka chini, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akaendelea kuimba hivyo hivyo. Sisi wa nyuma tukaacha hata kukohoa. Nilikuwa narekodi kwa simu; video ninayo mpaka leo, na kinachoonekana ni kisogo cha jamaa mrefu aliyesimama mbele yangu.