Uliza Ami: Ndege wa Arabuko, Bundi Mdogo na Maji ya Mida

SWALI: Shikamoo ami. Sisi ni watu wa Malindi hapa hapa, Barani. Kila alfajiri tunaona magari ya watalii yakielekea Arabuko kutazama ndege, sasa mume wangu amepata likizo na amekazana twende na watoto, wa miaka 9 na 12. Tumeambiwa kuna kiingilio halafu tena mumlipe mwongozaji. Mimi naona ni pesa ya bure, ndege si wamejaa hata kwenye mwarobaini wangu? Kwani hatuwezi kuingia wenyewe tukazunguka tukarudi?
*Mama wa Barani, Malindi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye mwarobaini wako nina hakika wengi ni kunguru, na kunguru hatumlipii kiingilio.

Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 hivi, ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, na ndege waliowahi kuandikwa mle wanapita aina 230. Lakini hawakai njiani kukungojea wewe na watoto! Mkienda peke yenu mtatembea asubuhi nzima mtasikia kelele huku na kule, mtaona mkia wa hondohondo ukipotea, mtaumwa na siafu, mtarudi mkisema mlidanganywa. Msituni ndege anaanza kusikika ndio aonekane, na ile sauti bila mtu wa kukwambia ni ya nani na yuko tawi gani haikusaidii kitu. Hicho ndicho mnachomlipia. Halafu kuna ndovu mle ndani, usiende kupotea na watoto.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba msitu wenyewe ni kama mitatu kwa mmoja. Kuna sehemu ya miti mchanganyiko, kuna ya mrihi kwenye mchanga mweupe, halafu upande wa magharibi kuna kichaka kizito kwenye udongo mwekundu, na kila sehemu ina ndege zake. Kwenye mrihi, juu kabisa, ndio anapita mnana wa Clarke, dume kichwa cheusi tumbo la njano, ambaye duniani kote anaishi Kaunti ya Kilifi peke yake, hapo Arabuko na kule Dakatcha nyuma ya Marafa. Wataalamu walimwandika tangu 1913 na ikafika 2013 ndio viota vyake vikaonekana, kwenye kinamasi cha Dakatcha. Miaka 100 na watu wa huko wanapita na mbuzi zao hapo hapo!

Na kule kwenye udongo mwekundu ndio kwa yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hata shibiri hafiki. Waongozaji wazuri wanajua vichaka anavyolala mchana. Utainamishwa chini ya miba, mtu anakuonyesha kwa kidole, wewe unaona vijiti na majani makavu tu, unaambiwa angalia tena, kushoto kidogo, chini ya ule uma, mpaka jani moja kavu linafungua jicho la njano nusu halafu linalifunga tena. Na mara nyingi ubavuni pake kuna la pili, mke na mume wamelala wamegandana. Watoto wako hawatalisahau hilo.

Sasa kabla hujatoa pesa muulize mwongozaji maswali. Wiki hii mmeona nini? Akikutajia vitu maalum na mahali, huyo anaingia msituni kweli. Akikuhakikishia bundi mia kwa mia, mwache, hakuna mwenye mkataba na bundi. Muulize pia kama anacheza sauti za ndege kwa simu. Wengine wanaipiga mfululizo ndege atoke apigwe picha, na ndege anadhani kaingiliwa eneo lake, anaacha kula anakuja kugombana na simu. Mara moja kidogo sawa, zaidi ya hapo ni kumsumbua. Na bundi hapigwi flashi, mwambie baba watoto mapema.

Fikeni geti la Gede saa kumi na mbili asubuhi, si saa tatu. Matatu za kwenda Mombasa zinapita pale, ila kufika kwenye udongo mwekundu mtahitaji gari. Nguo za kijani ama kahawia, suruali ndefu iingie ndani ya soksi. Bei zinabadilika, ulizeni getini.

SWALI: Ami, mie ni wa Lamu. Kwetu bundi akilia juu ya dari watu wanasoma dua, nyinyi mnalipa pesa kumfuata. Hamuogopi nuhusi?
*Msomaji, Langoni*

JIBU: Bibi yangu pia alikuwa akimfukuza kwa chumvi, kwa hiyo sikucheki. Ila huyu wa Sokoke haji kwenye dari ya mtu, yeye ni wa kichaka, na chakula chake ni wadudu. Kama ana nuhusi basi ni ya panzi.

SWALI: Binamu zangu wanakuja kutoka Muscat, wanataka lodge ndani ya msitu wa mvua kabisa, ule wa ukungu na miti mikubwa. Je Arabuko itafaa?
*Kijana wa Shella, Malindi*

JIBU: Haitafaa, na usiwadanganye wakaja kulalamika. Arabuko ni msitu mkavu, mvua yake ni milimita 600 mpaka 1,100 hivi kwa mwaka kutegemea upande. Msitu wa mvua hapa Kenya ni Kakamega, kule ni karibu 2,000, na ndio utamkuta yule turako mkubwa wa buluu mwenye ukubwa wa kuku na kishungi kichwani. Ni safari ya kuvuka nchi nzima, wajipange. Na lodge yoyote wanayochagua waulize jambo moja kabla ya picha za bafu: chai ya asubuhi inatoka saa ngapi? Ikiwa jikoni linafunguliwa saa moja na nusu, hiyo ni lodge ya watu wa kulala, ndege washamaliza kuimba. Waulize pia kama mwongozaji yuko ndani ya bei.

SWALI: Ami mi sipendi msitu, naogopa nyoka. Mida Creek je, niende lini?
*Mvivu wa Watamu*

JIBU: Mida ni rahisi, unatembea juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Nenda wakati wa kaskazi, manake sululu na wenzao wanaozaliana Siberia wako huku tangu Agosti, Septemba hivi mpaka Aprili, na utamwona yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege watakuwa mbali kule, vidoto tu. Nenda maji yakianza kujaa, yanawasukuma mpaka karibu na wewe, na siku za bamvua yanakuja kwa kasi kwa hiyo wahi. Kofia na maji ya kunywa ubebe mwenyewe.