Anza na shamba, jina lifuate

Ukipewa kazi ya kutafuta nasaba ya familia katika kaunti za milimani mashariki mwa Kentucky, Marekani, usikimbilie jina. Uliza kwanza: mwaka unaoutafuta, shamba lao lilikuwa kaunti gani? Kaunti za jimbo hilo zilimegwa na kumegwa tena mpaka zikafika 120. Letcher ilitolewa Harlan na Perry mwaka 1842. Perry nayo ilikuwa imetolewa Clay na Floyd mwaka 1820. Familia isiyohama hata hatua moja inaweza kuwa na karatasi katika mahakama tatu, kila moja na mji wake. Ukienda Whitesburg, makao makuu ya Letcher, kusaka hati ya 1830, utarudi mikono mitupu.

Sensa ni nzuri, ila ina mashimo. Kabla ya 1850 iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mkewe na watoto ni tarakimu kwenye safu za umri. Uhusiano wa watu ndani ya nyumba ulianza kuandikwa 1880, kwa hiyo mtoto unayemwona 1860 huenda ni mpwa, au yatima wa jirani. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Kwenye ya 1940, tafuta X ndani ya duara: huyo ndiye aliyejibu maswali. Kama ni mpangaji, umri wa bibi mwenye nyumba usiuapie.

Mimi hupenda zaidi hati za ardhi. Mume alipouza shamba, mke naye alitakiwa kuachia haki yake ya ujane, yaani sehemu ya ardhi ambayo angeitumia akifiwa na mumewe, na karani alimhoji kando, mumewe asisikie, kama ameridhia. Basi jina lake limo, hata kama sensa ilimficha. Soma na mipaka pia: inatoka kwenye mwaloni, inafuata kijito, inagusa kona ya fulani. Hao akina fulani wachoree ramani. Watu walioa jirani, na mke asiyejulikana kwao mara nyingi baba yake ni mmoja wa wenye kona hizo.

Kwa familia za Wamarekani Weusi, wengi majina yao yanaonekana kwenye sensa mara ya kwanza 1870. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya watu wake, bila majina yao. Hapo ingia kwenye mirathi ya wamiliki wa jirani: utakuta watu wameorodheshwa kwa majina na bei, pamoja na ng'ombe na vitanda. Inauma kusoma. Nakili kila jina.

Ukifika kwa karani wa kaunti, omba faharasa ya wauzaji na ya wanunuzi, zote mbili. Shamba lililonunuliwa na halionekani kuuzwa huenda lilirithiwa. Hamia vitabu vya wosia.