Farasi "mpole kama kondoo" na mpandaji mwenye hofu

SWALI: Mwalimu, nina miaka 43. Miaka miwili iliyopita farasi niliyekuwa najifunzia aligutuka akanirusha, nikavunjika bega. Nimerudi darasani na napanda mara moja kwa wiki, lakini kila nikitia mguu kwenye kikuku moyo unanienda mbio. Sasa nataka farasi wangu mwenyewe. Nimepata jike wa miaka mitano, mzuri ajabu, na mwenyewe anasema ni mpole kama kondoo. Nitajuaje kama ananifaa? Na je, nikiwa na farasi wangu, hofu itaisha?

JIBU: Pole kwa bega, dada yangu, na hongera kwa kurudi kwenye tandiko. Wengi hawarudi.

Huyo wa miaka mitano mwache. Sijamwona, na huenda kweli ni mpole, ila upole wa farasi wa umri huo bado haujajaribiwa. Mifupa ya mgongo wake ndiyo kwanza inamalizia kukomaa, na pengine amebeba mtu kwa mwaka mmoja au miwili tu. Hajakutana na mwavuli unaofunguka ghafla, wala mbwa anayechomoka kichakani, wala mpandaji anayemkaba hatamu kwa woga. Siku atakapokutana na hayo atamuuliza aliye mgongoni, "Tufanyeje?" Na wewe wakati huo utakuwa unamuuliza yeye hilohilo.

Tafuta wa miaka 10 hadi 16, hata zaidi akiwa ametunzwa vizuri. Farasi wengi hufika miaka 25 na zaidi, kwa hiyo wa miaka 14 bado ana miaka mingi ya kazi nyepesi. Viungo vikikaza kidogo asubuhi, si sababu ya kumkataa, mradi daktari aseme hali hiyo inatunzika. Umri usiupokee kwa mdomo. Soma hati zake, linganisha na namba ya chipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kilichopandikizwa ndani ya shingo, kama anayo, kisha mwombe daktari amfungue kinywa. Kwenye jino la mbele la pembeni, taya la juu, kuna mfereji mwembamba wenye rangi ya kahawia. Huanza kuonekana kwenye ufizi karibu na miaka 10, hufika katikati ya jino karibu na 15, na hufika nchani karibu na 20. Si kipimo cha kuapia, lakini ukiambiwa farasi ana miaka tisa na mfereji umeshafika nusu ya jino, utakuwa umemjua na muuzaji pia.

Sasa lililo kubwa. Farasi asiyeshtuka hayupo, kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta. Huyu ni mnyama aliyeumbwa kuponea mbioni. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na anaona karibu pande zote, isipokuwa hapo mbele ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Jani likitikisika, yeye keshaliona kabla yako. Mtu akikuambia farasi wake hagutuki kamwe, ama hamjui ama anakuficha. Unachotaka kujua ni kinachofuata baada ya kushtuka. Wapo wanaoruka hatua moja wakasimama, wapo wanaoondoka mbio, na wapo wanaogeuka ghafla wakakuacha hewani. Wako ni yule wa kwanza, hata akiwa na sura ya kuchekesha.

Siku moja nilimsindikiza mwanafunzi wangu, mwoga kuliko wewe, kwenda kumtazama dume aliyehasiwa wa miaka 14. Tumbo kubwa, sikio moja lina pengo. Tukiwa tumesimama naye uani, upepo ukainua turubai lililofunika majani makavu, likapiga paa! Farasi akatetemeka mwili mzima, miguu minne ikajikita kama vigingi, masikio yakasimama, pumzi ikamtoka puani kwa kishindo. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika nne shingo ilikuwa imeshuka, analamba midomo. Nilipofika saba alikuwa anamnusa mwanafunzi mfukoni. Hatukuwa hata tumemtandika, lakini mimi nilishaamua.

Kuyaona mambo kama hayo kunataka umkute farasi kama alivyo, na hapa niliwahi kuumbuka. Zamani nilimsaidia mteja kununua farasi aliyetulia kupita kiasi siku tuliyokwenda. Tulimkuta amefungwa tayari, kasuguliwa anang'aa. Nilipopitisha kiganja chini ya tandiko nikahisi manyoya yameshikana vishungi vikavu, kama nywele zilizopakwa gundi. Jasho lililokauka. Nikauliza, nikajibiwa kwamba ameogeshwa asubuhi, nami nikakubali. Kumbe alikuwa amezungushwa kwa kamba ndefu mpaka nguvu zikamwishia. Wiki ya pili nyumbani kwa mteja, akiwa amepumzika na kushiba, alimtupa mara mbili kwa siku moja. Kosa lilikuwa langu. Mkono uliniambia, nikasikiliza mdomo wa mtu.

Kwa hiyo omba mapema kwamba siku hiyo asifanyishwe kazi, wala asitolewe malishoni kabla hujafika. Kisha fika nusu saa kabla ya wakati mliopatana. Ukimkuta keshatandikwa na ana joto mwilini, aga kwa adabu uondoke. Tazama anavyokamatwa: anakuja, anangoja, au anafukuzwa uwanja mzima? Tazama akiinuliwa kwato zote nne. Mshipi wa tandiko unapokazwa, angalia masikio. Yakilala nyuma na meno yakaelekea mkono wa mtu, huenda pale pana maumivu, au kumbukumbu ya maumivu, na wewe hutaki kununua lolote kati ya hayo.

Kwako wewe nitaongeza jambo moja ambalo kwa mpandaji mwingine ningelipita. Umesema hofu yako inaanzia kwenye kikuku. Basi farasi wako lazima asimame tuli wakati wa kupandwa, hatamu zikiwa zimelegea, bila mtu kumshika kichwa, na abaki amesimama mpaka umekaa ukavuta pumzi mbili. Anayeondoka mguu wako ukiwa bado hewani anaweza kufundishwa, ndiyo, lakini si na wewe, si mwaka huu. Omba uone hilo mara tatu au nne, si mara moja.

Muuzaji ndiye wa kwanza kupanda. Akisita au akitoa udhuru wa mgongo, pasiwepo mwingine wa kumpanda, usipande. Baada yake apande mwalimu wako, kuwa mtu mzima hakukuondolei haki ya kwenda na mtu. Wewe uwe wa mwisho, na kama siku hiyo moyo unakutuma kutembea tu, tembea tu. Usikubali kushindiliwa uende shoti kwa sababu watu wanatazama. Kisha aombwe atoke peke yake, mbali na wenzake, njia ambayo hakuizoea sana. Farasi wengi watulivu uani huwa watu wengine kabisa wakitengwa na kundi. Akikupendeza, rudi siku nyingine, ikiwezekana siku ya upepo.

Muulize mwenyewe anapandwa mara ngapi kwa wiki, na nani, anakula nini na anakaa nje saa ngapi. Anayepandwa siku sita na kijana hodari, akaja kwako kupandwa siku mbili, hatabaki yuleyule. Na anayeshiba nafaka huku amefungiwa bandani, nguvu hizo zitatokea mahali fulani. Swali ninalolipenda zaidi ni hili: "Mara ya mwisho mtu kuanguka kutoka kwa farasi huyu ilikuwaje?" Mkweli atakusimulia. Mwingine ataanza kusifia rangi.

Kuhusu ukubwa, waoga hukimbilia wadogo wakidhani ardhi iko karibu. Anayekufaa ni mwenye kifua kipana na hatua fupi, kwa sababu hakutupitupi ukiwa juu. Urefu wa kama sentimita 150 begani huwatosha watu wazima wengi. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mzigo wote, wewe pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wake. Farasi wa kilo 450 abebe kilo 90 kwa makadirio. Jike au aliyehasiwa, kwangu ni sawa ingawa huwa naanzia kwa waliohasiwa. Dume asiyehasiwa, hapana.

Daktari wa mifugo umlipe wewe, na asiwe yule anayemtibu farasi huyo kila siku. Atasikiliza moyo, ataangalia macho, atakunja kila mguu kwa muda wa kama dakika moja kisha atake farasi akimbizwe papo hapo aone kama anachechemea. Omba achukue na damu ihifadhiwe. Farasi akija kubadilika tabia ghafla baada ya siku chache, damu hiyo inaweza kupimwa kama siku ile alikuwa amepewa dawa ya kumtuliza au ya kuficha maumivu. Muuzaji anayekataa damu kuchukuliwa amekurahisishia kazi.

Nirudi kwenye hofu. Kumiliki farasi peke yake hakuiondoi, na wiki za mwanzo huenda ikazidi, kwa sababu naye atakuwa mgeni: harufu ngeni, wenzake wapya, sauti asizozijua. Usikipime kipindi hicho kwa haraka. Siku za mwanzo mpige brashi, tembea naye kwa kamba, mwalimu ampande kwanza, na masomo yako yaendelee juu yake. Nilichokiona kwa wanafunzi wengi ni kwamba hofu hupungua pale farasi anaposhtuka ukiwa juu yake, akasimama, ukagundua bado umekaa. Hilo likitokea mara tano au sita, mabega yenyewe yanaanza kushuka. Kama mwenye farasi anakubali akuazime kwa mwezi mmoja kabla ya kulipa, kwa maandishi, kubali bila kufikiri mara mbili. Na kama hapo unapojifunzia kuna mtu anayetafuta wa kushirikiana naye farasi mzee mtulivu, ningeanza na huyo hata kabla ya kununua.

Ukipata mwingine wa kumtazama, niandikie umri wake, anavyoishi, na alifanya nini aliposhtuka. Picha usinitumie, nitampenda bure.