Kisanduku cheusi

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmeuliza: mwandishi wa katuni akihamia kwenye filamu, anapata nini na anapoteza nini? Mimi nitamtazama mmoja tu, Marjane Satrapi, mzaliwa wa Iran anayeishi Ufaransa. Yeye hakuuza kitabu kisha akakaa pembeni kulalamika. Aliingia jikoni mwenyewe.

Persepolis, simulizi yake ya katuni kuhusu utoto wake Iran enzi za mapinduzi na vita, ilitoka kwa Kifaransa katika juzuu nne, kuanzia 2000 hadi 2003. Humo mna ukurasa mmoja ambao hadi leo naufungua kwa kusitasita. Kombora limeangukia nyumba ya jirani. Msichana anapita kwenye kifusi na mama yake, anaona bangili ya feruzi ya rafiki yake Neda, na bangili ile haiko peke yake. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa ni cheusi tititi, bila mchoro wowote. Ukikodolee macho sekunde mbili au dakika kumi, hiari yako. Hicho ndicho anachopoteza. Kwenye filamu saa anaishika mwongozaji, na skrini ikikaa nyeusi kidogo tu, watu wanageuka kuangalia kama mtambo umekufa.

Anachopata ni mwendo. Bibi yake alikuwa akitia maua ya asumini kwenye sidiria ili anukie. Kitabuni unasoma, unatabasamu, unapita. Katika filamu ya Persepolis ya 2007, aliyoiongoza pamoja na mchora katuni mwenzake Vincent Paronnaud, maua yale yanadondoka taratibu, moja moja, nawe utaapa umeisikia harufu. (Nakiri niliiona filamu kwanza, na nilipofika kwenye kitabu nilikiona kimya mno. Ilinichukua muda kuujua utamu wa ule ukimya.) Filamu ilipata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, ikateuliwa kuwania Oscar. Na ilibaki ya kuchorwa, sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu Satrapi hakutaka sura za waigizaji zimfanye mtazamaji aseme, aa, haya ni mambo ya watu wa mbali.

Baada ya hapo akaanza kuongoza watu wenye nyama na damu: mwaka 2011 hadithi ya kitabu chake kingine, 2014 The Voices, ambayo mswada wake haukuwa wake, na 2019 Radioactive, kuhusu mwanasayansi Marie Curie. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kidogo kuliko zote, ila ina jambo la kuchekesha: imetokana na kitabu cha michoro cha mwandishi mwingine, Lauren Redniss. Safari hii mkasi alikuwa nao Satrapi, na visanduku vilivyokatwa vilikuwa vya mwenzake.

Mwaka 2023 akarudi kwenye karatasi, na kitabu cha katuni kuhusu maandamano yaliyozuka Iran baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti aliyefariki akiwa mikononi mwa polisi. Lakini hakukiandika peke yake kama zamani. Aliita wachoraji na wasomi, akawagawia sehemu, kama mwongozaji aliye kwenye seti ya filamu.